Miaka Sitini ya Dukani

Dukani alikuwa na miaka sitini. Nyumbani, mbele ya mama aliyemzaa, alikuwa na arobaini na nne, na hiyo ya nyumbani ndiyo iliyokuwa kweli. Wateja walimwita Sitini, nasi tumwite hivyohivyo, maana ndilo jina alilolivaa kwa miaka miwili na ndilo lililomponza.

Kabla ya hapo alifanya kazi katika ukumbi wa sherehe, akisimama mlangoni kupokea wageni na kuwaonyesha viti. Alikuwa hodari. Alijua nani asikae karibu na nani, na mlevi alimtoa nje kwa upole hata mlevi mwenyewe akashukuru. Kisha akaja meneja mpya, akawapanga wanawake wa mlangoni kwenye mstari, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akamwambia yeye aende jikoni. Mlangoni, alisema, panataka sura yenye kung'aa. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Hakwenda jikoni. Alichukua mkoba wake akaondoka kichwa juu, lakini kichwa hicho alipokifikisha nyumbani kilishuka. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha bafuni, akavuta mashavu kuelekea masikioni kwa vidole viwili, akajitazama alivyokuwa zamani, kisha akayaachia.

Alikaa bila kazi hadi akiba ikakauka, ndipo akaenda kubisha kwa Mama Marashi.

Mama Marashi aliitwa hivyo kwa sababu harufu yake ilitangulia kuingia, na akishaondoka ilibaki kulinda nafasi yake. Duka lake la vipodozi lilikuwa kati ya duka la viatu na la vifaa vya umeme, lenye kioo kipana mbele na rafu pande tatu. Aliuza sabuni, poda, wanja na rangi za kucha, ila kilichompa jina mjini ni krimu ya ujana aliyoichanganya mwenyewe chumba cha nyuma, ndani ya ndoo nyeupe, kwa mwiko mrefu wa mbao, kisha akaijaza kwenye vikopo vyenye kifuniko cha dhahabu. Alichotia ndani alikijua yeye peke yake.

Siku ile alimzunguka mwombaji kazi kama mtu anayenunua kabati.

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Aa, basi. Kwa arobaini na miwili umechoka, shoga yangu, tusidanganyane." Akasogea nyuma hatua chache, akakunja jicho moja. "Lakini kwa sitini... Hebu geuka. Kwa sitini wewe ni malaika!"

"Mimi sina sitini, mama."

"Nani atakuomba cheti cha kuzaliwa? Wanaume wote wanapunguza miaka wakitaka kuoa, wanawake wote wanapunguza wakitaka kuolewa. Wewe utaongeza. Umeshawahi kusikia mtu kakamatwa kwa kujizeesha?"

Akacheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akatoa sharti lake. Ndani ya duka, Sitini hataamkia mwanamke yeyote, ila ajuza aliyepinda mgongo. Ataamkiwa. Akiamkiwa, ataitikia.

Siku za mwanzo neno lilimkwama kooni. Wanawake waliomzidi miaka kumi, kumi na mitano, waliingia wakamwambia "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayekohoa. Alilelewa kumwamkia hata mtu aliyemzidi kwa msimu mmoja. Baada ya muda koo lililainika. Marahaba ikawa inatoka yenyewe, laini, kama mlango uliotiwa mafuta.

Ni lazima isemwe waziwazi kwamba hakudanganya kwa ajili ya mshahara tu. Uongo ule ulikuwa mtamu. Wateja walitoa macho. "Sitini? Wewe? Wacha utani!" Walimshika shavu kwa ncha za vidole. "Jamani, mimi nina hamsini na nimekunjika kama begi la zamani!" Uso uleule uliofukuzwa mlangoni kwa kuchoka ulikuwa sasa maajabu ya mtaa mzima. Kioo cha bafuni akaacha kukivutia mashavu. Hakuwa na haja. Kila mkunjo aliouona aliulinganisha na miaka sitini, ukawa si kitu. Mwanamke aliyeteswa kwa kipimo kibaya alikuwa amejitafutia kipimo kingine kibaya, akakaa nacho kwa raha, na wenzake akawaachia kile cha kwanza.

Na krimu yenyewe hakuipaka hata siku moja. Alikuwa ameona ndoo. Yeye alinawa kwa sabuni ya kawaida na kujipaka mafuta ya mgando.

Mama yake, mjane wa miaka sitini na minne aliyeishi naye, alizipata habari hizi kwa majirani, akamngoja mezani.

"Nasikia dukani una sitini."

"Ni maneno ya biashara tu, mama."

"Hongera. Kwa hiyo mimi nilikuzaa nikiwa na miaka minne. Mbona hukuniambia mapema nikatembea kwa maringo?"

Sitini akacheka. Mama yake hakucheka.

"Na shikamoo za watu unazipokea?"

"Nazipokea."

"Za wakubwa zako."

"Mama, ni kazi."

"Mwizi naye huiita kazi," mama akasema, akaendelea kukunja nguo. Hakulirudia tena. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja na kuliacha likae pale lilipoangukia.

Likakaa, hadi alipokuja Mama Mapokezi.

Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mnene kidogo, viatu vya kisigino kifupi, aliyefanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno mitaa miwili kutoka hapo. Aliingia asubuhi duka likiwa tupu, akamwamkia Sitini kwa kuinamisha kichwa, kisha akamwaga yote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani.

"Dada yangu, nimeambiwa una sitini na siamini. Hebu nikuone. Yaani... kumbe kweli! Sikiliza, maji yamenifika shingoni. Kliniki ile nilianza na mzee, baba yake huyu daktari wa sasa. Mzee kastaafu, kijana kashika. Majuzi ananiambia, 'Mama, unaonaje tukikupumzisha chumba cha mafaili, mapokezi tumweke binti? Wagonjwa wanapenda kupokewa na sura changa.' Chumba chenyewe hakina dirisha! Nimwambie nini? Naye bado hajaamua, anasema anafikiria."

Huyo daktari kijana, kipara kilikuwa kimeshaanza kumla utosini, na hakuna aliyewahi kumshauri ahamie chumba cha nyuma.

Sitini aliisikia hadithi hiyo na ikamchoma, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe kwa maneno mengine. Alitamani kumwambia mgeni wake aende zake, akaoshe uso, akamkabili yule kijana. Lakini Mama Marashi alikuwa ametokeza kichwa kwenye pazia la nyuma, akisikiliza.

"Unapaka asubuhi na jioni, mdogo wangu," Sitini akasema. "Mimi unavyoniona ni hii hii."

Mama Mapokezi akatoka na kikopo kimoja. Akarudi kwa kingine. Mara ya tatu alikuja akijigusa mashavu.

"Dada, inawasha."

Sitini akaingia nyuma kuuliza. Mama Marashi hakuinua hata macho kutoka kwenye ndoo. "Ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Mwambie na wewe ilikuwasha."

Akatoka. Yule mwanamke alikuwa anamngojea kwa macho ya mtoto anayengoja kuambiwa kama sindano itauma.

"Hata mimi iliniwasha mwanzoni, mdogo wangu," Sitini akasema. "Vumilia."

Hapo ndipo alipovuka. Miaka ya uongo mtu anaweza kuisema kwa mzaha, na anayeisikia akaondoka salama na ngozi yake. Neno hili lilimfunga mtu mikono asijiokoe. Sitini alilijua hilo wakati analitamka, na usingizi wake haukuwa mzuri tangu siku hiyo, ijapokuwa aliamka, akavaa koti lake la waridi la dukani, akaenda kazini kama kawaida.

Ikafika Jumamosi. Duka lilijaa. Mama Marashi alikuwa amesimama karibu na mlango akiwahubiria wanawake wawili walioingia pamoja, shoga na shoga yake, mikono imejaa mifuko. "Huyo hapo mnayemwona, sitini kamili! Mwambieni acheke, mhesabu mikunjo!" Wale wawili wakasogea kaunta, mmoja akanyoosha mkono na kumgusa Sitini shavu. "Laini kama ya mtoto!"

Nyuma yao akaingia Mama Mapokezi, kajitanda mtandio hadi puani. Akangoja zamu yake. Alipofika kaunta akaushusha.

Mashavu yalikuwa mekundu, yamebanduka kama rangi ya ukuta uliolowa. Chini ya macho palikuwa pamevimba. Yule aliyesema laini kama ya mtoto akashika mdomo.

"Shikamoo, dada," Mama Mapokezi akasema.

Hakuja na ugomvi. Ingekuwa nafuu. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Nadhani kuna mahali nimekosea kupaka. Labda nimezidisha. Nifundishe tena, tafadhali. Jumatatu ananiita ofisini kunipa jibu."

Sitini alifungua kinywa aitikie. Neno alilolitoa mamia ya mara halikutoka. Alimtazama mwanamke yule aliyemzidi miaka kumi na mitatu, anayejilaumu mwenyewe kwa uso uliounguzwa na mtu mwingine, naye bado akainamisha kichwa kumpa heshima. Na kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani ni tusi, kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Umeamkiwa, mama," yule shoga akamkumbusha.

"Dada mkubwa, itikia," Mama Marashi akasema kutoka mlangoni, akitabasamu kwa meno tu. "Mdogo wako huyo."

Kama angeitikia, kazi ingebaki, na uso wake ungeendelea kuwa wa ajabu. Kama asingeitikia, angerudi kuwa mwanamke wa arobaini na nne aliyechoka. Hilo la pili ndilo lililomtisha zaidi. Akapiga moyo konde.

"Shikamoo," akasema.

"Unamwamkia nani?" Mama Marashi akauliza.

"Shikamoo wewe, dada," Sitini akamwambia Mama Mapokezi. "Wewe ndiye mkubwa. Mimi nina miaka arobaini na nne."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza alipoona anacheka peke yake.

"Anatania huyu," Mama Marashi akasema haraka. "Hajanywa chai tangu asubuhi, kichwa kinamzunguka."

"Sitanii. Na krimu hii sijawahi kuipaka. Mimi napaka mafuta ya mgando."

Mama Mapokezi alichukua muda kuelewa. Ilikuwa kama kumtazama mtu akihesabu kwa vidole.

"Uliniambia na wewe ilikuwasha."

"Nilikudanganya."

"Ukaniambia nivumilie."

"Ndiyo."

Yule mwanamke akatoa kikopo mkobani, akakiweka juu ya kaunta polepole, kifuniko chake cha dhahabu kikiwa kimebakiwa na alama za vidole. Akajitanda upya. Shikamoo aliyopewa hakuiitikia. Akatoka.

Wale mashoga wawili walibaki wakimkodolea Sitini macho. Aliyemgusa shavu akainamia karibu zaidi, safari hii bila kugusa.

"Arobaini na nne? Sasa mbona umechoka hivyo, mwaya?"

"Eti eh," mwenzake akaongeza. "Angalia hapa shingoni."

Ulikuwa uso uleule waliousifu muda mfupi uliopita, mwanga uleule, kaunta ileile. Kilichobadilika ni hesabu tu. Wakanunua poda, wakaenda zao.

Mama Marashi hakupiga kelele. Alifunga pazia la chumba cha nyuma, akanyoosha mkono.

"Vua koti."

Sitini akavua.

"Unadhani umewatendea wema? Wanawake hawaji hapa kutafuta ukweli. Ukweli wanao bure, kwenye vioo vyao. Wiki ijayo nitamweka mwingine hapo, ana thelathini na tisa. Nitasema hamsini na tano."

"Weka pia na mwiko wako kaunta, waone unachochanganya."

"Toka."

Nyumbani mama yake alikuwa anapalilia maua ya kopo barazani.

"Umewahi kurudi leo."

"Nimemwaga unga, mama. Nimesema kweli mbele ya watu."

Alitegemea kusifiwa, tusimfichie. Mama yake akachomoa jani bovu, akalitupa.

"Na huyo uliyemuunguza, uso wake unaendeleaje?"

"Sijui. Aliondoka."

"Basi bado hujamaliza."

Jumatatu asubuhi Sitini akaenda kliniki ya meno. Kulikuwa na benchi refu, wagonjwa wameshika mataya, na nyuma ya dirisha la kioo Mama Mapokezi akiwa amejitanda mtandio hadi puani, akigawa namba. Sitini akasogea, akamwamkia. Yule hakuinua macho.

"Foleni iko nyuma yako."

Akakaa kwenye foleni. Zamu yake ilipofika akasimama tena dirishani.

"Jino gani?"

"Sina jino, dada. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi hatung'oi hapa." Akaandika kitu, akakikata. Kisha akamtazama kwa mara ya kwanza, na macho yalikuwa yamechoka kuliko yenye hasira. "Ananiita sasa hivi. Kile kinywa chako cha Jumamosi, umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho."

"Basi ingia nacho."

Daktari alikuwa anavua glavu. Mama Mapokezi aliposhusha mtandio, daktari alirudi nyuma hadi akagonga kiti cha wagonjwa.

"Mama! Umefanyaje?"

Sitini akaeleza yeye. Alieleza duka, ndoo, miaka sitini ya uongo, na neno vumilia. Hakujipunguzia. Daktari alimsikiliza huku akitikisa kichwa, na alipomaliza akamgeukia Mama Mapokezi kwa sauti ya mtu mzima anayemsema mtoto.

"Lakini mama, na wewe, umri wako huu! Kwa nini ujipake vitu usivyovijua?"

"Kwa sababu ulisema wagonjwa wanapenda sura changa."

"Aa, mimi nilikuwa natoa wazo tu."

"Na mimi nilikuwa nauza tu," Sitini akasema.

Daktari akamtazama vibaya. Akajikuna utosini. Akasema mama apumzike nyumbani hadi apone, mengine yataonekana baadaye. Kwa sasa, alisema, hawezi kukaa mbele za watu katika hali ile.

"Sitaki kupumzika," Mama Mapokezi akasema. "Na mafaili sitaki. Kama kuna kazi niliyoiharibu tangu enzi za baba yako, nitajie niondoke leo. Kama hakuna, usinitoe pale kwa sababu ya uso. Baba yako hakuniajiri kwa ajili ya sura."

Nje simu ikaanza kulia. Ikalia, ikakatika, ikaanza tena. Daktari akatazama mlango, akamtazama yeye. Alikuwa akitafuta kosa, na kila alilolikumbuka lilikuwa la kwake mwenyewe.

"Nenda upokee simu," akasema mwishowe.

Wakatoka. Mama Mapokezi akapokea simu, akampangia mtu saa ya kuja, akakata. Kisha akauvua mtandio wote, akaukunja, akautia kwenye droo.

"Kuna daktari wa ngozi hospitali kubwa," Sitini akamwambia kupitia dirishani. "Nitakupeleka ukitoka kazini."

"Natoka jioni."

"Nitangoja."

"Ukae benchi, usizibe dirisha. Na usinisemeshe, sijakusamehe."

Sitini akaenda kukaa kwenye benchi, kati ya kijana aliyefunga kitambaa kichwani na mama mwenye mtoto. Mlango ukafunguka, akaingia mzee mmoja ameshika shavu. Alikuwa mteja wa siku nyingi, kwa kuwa alikwenda moja kwa moja dirishani bila kuuliza. Akaegemea kioo, akakunja paji la uso.

"Khe! Uso umefanyaje, mama?"

Benchi zima likageukia dirisha. Sitini akajitazama mikononi.

"Nilitaka kuwa kijana," Mama Mapokezi akasema.

"Ukaweza?"

"Sikuweza."

"Pole sana," mzee akasema. "Basi nipe namba, jino linaniua."

Akampa.